Jicho la Kioo Lililoandika Habari za Unguja

Habari za kale hutufikia kwa njia nyingi. Wazee husimulia, vitabu huandika, na majengo husimama yakashuhudia. Lakini tangu karibu miaka 180 iliyopita kisiwa cha Unguja kimepata shahidi mwingine, naye ni kamera. Watu wengi humwamini shahidi huyu kuliko wote, wakisema kwamba picha haidanganyi. Leo twataka kumhoji kama kadhi ahojivyo shahidi: aliona nini, kwa jicho gani, na ni nini asichoweza kukiona?

Kwanza tulitazame jicho lenyewe. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita alizaliwa Basra mwanachuoni aitwaye Ibn al-Haytham, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Alieleza jinsi mwanga upitao katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza unavyochora ukutani vitu vilivyo nje, navyo huonekana juu chini. Tundu likiwa dogo, sura huwa safi lakini hafifu. Likipanuliwa, sura hung'aa lakini huvurugika. Dawa ya shida hiyo ni lenzi, yaani kioo kilichosuguliwa kikawa kinene katikati na chembamba pembeni. Kioo hicho hukusanya mwanga mwingi na kuuelekeza mahali pamoja, hata sura ikawa safi na yenye kung'aa pia.

Mwaka 1839 ilitangazwa mjini Paris njia ya Louis Daguerre ya kuishika sura hiyo juu ya bamba la madini. Lakini lenzi za kwanza zilipitisha mwanga kidogo mno, na mtu alilazimika kukaa juani dakika nyingi bila ya kutikisika. Mwaka uliofuata Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu mjini Vienna, alipiga hesabu za lenzi mpya yenye vioo kadhaa, ikatengenezwa na nyumba ya Voigtländer. Lenzi hiyo ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi, na muda wa kukaa ukapungua hata chini ya dakika moja. Tangu hapo kazi ya kupiga picha za watu ikawa biashara ulimwenguni.

Pwani yetu haikungoja sana. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa, Charles Guillain, alizuru Afrika ya Mashariki pamoja na Unguja, na katika safari yake zilipigwa picha za mabamba ya madini. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha hapa Unguja kabla ya kwenda bara.

Kazi hiyo ilikuwa na mashaka. Kwa njia iliyoenea baada ya 1851, mpiga picha alipaka dawa juu ya bamba la kioo, akalitia katika kamera lingali bichi, akalisafisha kabla halijakauka. Na katika joto kama letu hukauka upesi. Kwa hiyo alichukua kamera ya mbao, kiweko cha miguu mitatu, sanduku la vioo, chupa za dawa, maji safi na hema la giza. Bila ya wapagazi hakuweza kwenda mbali. Basi tusistaajabu kuona kwamba picha nyingi za kale za Unguja ni za Mji Mkongwe na ufuko wake, na picha za mashamba ni chache.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Jicho lililo zito huona kilichotulia tu. Ukuta wa ngome ulitulia, na mlango wa nakshi ulitulia. Lakini hamali aliyepita na mzigo kichwani, mwanamke aliyetoka kisimani, na mtoto aliyekuwa akikimbia, hao hawakuandikwa, au waliandikwa kama moshi. Mwanafunzi aonaye picha ya kale yenye njia tupu asidhani mji haukuwa na watu. Waliokuwa wakifanya kazi ndio waliofutika.

Mabamba makavu, yaliyobuniwa mwaka 1871, yaliiharakisha kamera. Mji Mkongwe nao ulipata wapiga picha wake wenye maduka, na wengi wao walikuwa Wagoa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, na A. R. Pereira de Lord. Waliwapiga picha wafalme na matajiri, wakauza pia kadi za posta kwa abiria wa meli. Sasa watu walionekana vema, lakini lilitokea pungufu jingine. Picha ya mfalme iliandikwa jina lake. Picha ya mwanamke wa mjini iliandikwa kabila lake tu. Sura yake ilisafiri hata Ulaya, na jina lake halikusafiri nayo.

Pamoja na hayo, shahidi huyu ana faida kubwa kwa ajuaye kumsoma. Chukueni mfano wa Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash. Picha ikionyesha mnara mzima umesimama peke yake mbele ya nyumba, twajua kwamba ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoyapiga majumba ya mfalme kwa mizinga. Mnara wa saa ukiwa umeungana na nyumba yenyewe, picha ni ya baadaye. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara huo. Mafundi watakao kujua nguzo na roshani zilikaaje, hapana budi wazirejee picha.

Lakini tahadhari, kwa maana lenzi huweza kuhadaa pasipo kusema uongo. Lenzi fupi huona upana mwingi, nayo huufanya uchochoro wa Mji Mkongwe uonekane mpana kuliko ulivyo. Lenzi ndefu huvuta vya mbali, ikafanya majahazi yaonekane yamebanana. Kwa hiyo yafaa tuulize alisimama wapi mpiga picha, na alitumia jicho gani.

Vyombo hivi navyo vina adui katika visiwa vyetu. Unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukikaa sana huukwangua uso wa kioo. Ndiyo sababu watengenezaji wa zamani waliunda kamera za nchi za joto kwa mbao za msaji na vikazo vya shaba. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi. Picha walizozihifadhi zatuonyesha kisiwa hiki katika enzi za masultani na baada ya Mapinduzi ya 1964.

Picha nyingine zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani, na nyingi zimevuka bahari. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa huko waweza kuitambua lenzi na kukadiria mwaka. Bibi aliyeketi kitini ni nani, hilo kioo hakiwezi kuwaambia.

Basi, wasomaji wetu, kazi iliyobaki ni yetu. Leo hata simu ya mkononi ina lenzi, na picha zimekuwa nyingi kama mchanga. Zitoeni picha za kale zilizomo masandukuni, mziweke pakavu, pasipo jua. Kaeni na wazee mngali nao, mwaulize: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani? Kisha andikeni majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, polepole, msije mkaikwaruza sura.