Mstari Mmoja Juu ya Kila Faili

DARAJA MBILI, Kisii – Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, habari za mpaka wa Borabu na Sotik zilifika soko hili kwa midomo ya makondakta, wachuuzi waliorudia njiani na ndugu waliopiga simu wakiwa mafichoni. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tangu Desemba 30, 2007. Januari 31 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, akauawa mjini Eldoret, na Chebilat, kituo kidogo kilicho mpakani, kikageuka uwanja wa mapambano ya mishale na moto. Aliyetaka kujua kama barabara inapitika aliuliza watu watatu, akapata majibu matatu.

Pengo hilo la habari ndilo lililozaa Ushahidi, ramani ya mtandaoni. Januari 3, 2008, wakili na mwanablogu Ory Okolloh aliandika akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya matukio ya ghasia, ili kila mwananchi aongeze alichokiona. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waliojitokeza. Katika siku chache ramani ilikuwa hewani.

Sehemu hiyo ya hadithi imesimuliwa mara nyingi, tena kwa majivuno ya haki. Ambayo haisimuliwi ni ya leseni, na ndiyo inayogusa kila kijana wa Kisii anayeandika programu akiamini kwamba kitu cha bure hakina masharti.

Ramani ya kwanza ilikuwa kazi ya haraka, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kenya tu. Baadaye mwaka huohuo waanzilishi waliiandika upya iweze kutumika popote, na Novemba ikapelekwa kwenye vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka uliofuata Al Jazeera waliitumia Gaza. Januari 2010 tetemeko lilipobomoa Port-au-Prince, wanafunzi wa Marekani na Wahaiti waishio ng'ambo walikesha wakipanga ujumbe wa simu juu ya ramani hiyo ya Wakenya. Kadiri ilivyoenea, ndivyo watu wasioajiriwa na Ushahidi walivyozidi kuichangia: huyu alirekebisha hitilafu, yule akatafsiri, mwingine akaongeza kiungo cha simu.

Ukifungua faili za matoleo ya miaka hiyo, hadi la pili, juu kabisa, kabla ya amri hata moja ya kompyuta, utakuta maelezo mafupi: mwandishi ni Timu ya Ushahidi, na faili iko chini ya leseni iitwayo LGPL. Ukifungua za toleo la tatu, lililoandikwa tangu mwanzo katika muongo uliofuata, mstari huo umebadilika na kusomeka AGPL, toleo la 3. Herufi moja imeondoka, nyingine imeingia.

Herufi hiyo si jambo dogo. LGPL ni leseni pole. Inakuruhusu kuchukua programu, kuibadilisha, hata kuichanganya na ya kwako ya biashara. Sharti lake kubwa huamka pale tu unapompa mtu mwingine nakala: ukimpa, basi umpe pia msimbo, yaani maandishi ya amri, wa sehemu uliyoibadilisha. Lakini tovuti haigawiwi kwa nakala. Programu inakaa kwenye seva ya mwenyewe, na mgeni anaona kurasa tu. Kampuni ingeweza kuchukua Ushahidi, kuinoa ikawa bora kuliko ya asili, kuyatoza mashirika ya misaada fedha nzuri, na isirudishe hata nukta moja kwa waliolima shamba.

AGPL inaziba mwanya huo. Kifungu chake cha 13 kinasema aliyeibadilisha programu na kuwafungulia watu kupitia mtandao lazima awape watumiaji hao njia ya kupata msimbo wenye mabadiliko yake. Ajabu ni kwamba leseni hii ilitolewa Novemba 19, 2007, wiki sita kabla ya ombi la Okolloh. Ilikuwapo, ila ilikuwa mbichi. Nani angekaa kusoma vifungu wakati nyumba zinawaka?

Kwa nini basi hawakubadilisha tu mstari ule siku walipoona mwanya? Jibu liko kwenye sheria ya hakimiliki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za fasihi, na ulinzi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyeandika mistari ishirini akiwa amejitolea ni mwenye mali wa mistari hiyo, isipokuwa kama ameihamisha kwa maandishi. Kwenye risaga ya Wagusii majirani hulima shamba lako kwa zamu, wakala, wakaenda zao, na shamba likabaki lako. Kwenye programu huria kila aliyeshika jembe anaondoka na hati ya matuta yake, na huwezi kubadilisha masharti ya shamba zima bila kumrudia.

Mradi wa ramani wa OpenStreetMap, ambao vijana wa Kibera waliuchangia kuanzia 2009 kupitia Map Kibera, ulichagua kuwarudia watu wote. Kila mchangiaji aliulizwa kama anakubali leseni mpya ya hifadhidata badala ya ile ya Creative Commons. Shughuli ilichukua miaka. Walionyamaza na waliokataa, kazi yao ilifutwa: barabara zikatoweka kwenye ramani, na Australia na Poland zikaumia kuliko nchi nyingi. Septemba 12, 2012 leseni mpya ikaanza. Kwangu, huo ulikuwa uungwana wa gharama kubwa, na sijui mradi mdogo wa Afrika ungeuweza.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kuchorwa mwaka 2004 kati ya Indianapolis na Eldoret, ulipita njia ya mkato. Leseni yake ya awali ilijengwa juu ya ile ya Mozilla toleo la 1.1, na leseni za ukoo huo humwachia mlezi wake nafasi ya kutoa toleo jipya. Mozilla walipochapisha toleo la 2.0 Januari 2012, OpenMRS nao wakahamia huko, wakiambatisha tahadhari ya kitabibu kwamba programu haichukui nafasi ya akili ya daktari. KenyaEMR, inayohifadhi rekodi kwenye kliniki nyingi za umma nchini, imejengwa juu ya OpenMRS.

Ushahidi hawakuwa na sababu ya kupita huku wala kule. Toleo la tatu lilikuwa msimbo mpya, na msimbo mpya unaweza kuvaa leseni unayoitaka. Ni njia safi kisheria. Kibinadamu ni ngumu zaidi, maana aliyechangia toleo la pili hakuulizwa, na hakukuwa na cha kumuuliza.

Hata hivyo ukilinganisha na yaliyofuata ng'ambo, Wakenya hawa wanatoka na heshima. Elastic mwaka 2021, HashiCorp 2023 na Redis 2024 walibadilisha leseni kwa kuzibana, wakiwalenga washindani wauzao huduma za mtandaoni, na kila mara wengine wakachukua nakala ya mwisho iliyo huru na kuanza upya kwa jina lingine: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Elastic na Redis baadaye walilegeza kamba kwa kuongeza chaguo la AGPL, leseni ileile ambayo Ushahidi ilikuwa imeishika miaka kadhaa kabla yao.

Toleo la pili halijafa. Leseni ya programu huria haipokonywi aliyekwisha kuipata, kwa hiyo kijana wa Daraja Mbili anayetaka ramani ya uchaguzi wa 2027 anaweza kulichukua leo chini ya LGPL, alibadilishe na kuficha mabadiliko yake kwenye seva yake. Atalazimika pia kuziba mwenyewe matundu yote ya usalama, maana limeandikwa kwa PHP ya zamani ambayo watoa huduma wengi wa seva hawaikubali tena.