Rowan Atkinson na Kichekesho Kisichohitaji Mkalimani

Mwaka 1987, kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, mchekeshaji wa Kiingereza aliomba apangwe katika onyesho la wasanii wa Kifaransa. Waandaaji walishangaa. Lakini Rowan Atkinson alikuwa na mhusika mpya asiyesema karibu lolote, na alitaka kujua kama watu watacheka kwa kumtazama tu.

Atkinson alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 mjini Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mkulima. Alikuwa na kigugumizi, na herufi B ndiyo iliyomtesa zaidi. Alisomea uhandisi wa umeme Newcastle, kisha akaenda kuendelea na masomo Oxford, alikokutana na mwandishi Richard Curtis. Jukwaani aligundua jambo: akiigiza mtu mwingine, kigugumizi kinatoweka.

BBC ilimpa nafasi mwaka 1979 katika kipindi cha vichekesho Not the Nine O'Clock News. Kuanzia 1983 hadi 1989 akaigiza Blackadder katika mfululizo wa televisheni wenye jina hilo, mjanja mwenye ulimi mkali kama wembe. Sikiliza anavyotamka jina Bob: midomo inabana, pumzi inajaa, kisha B inapasuka kama puto. Herufi iliyomsumbua tangu utotoni sasa ilikuwa inawavunja watu mbavu.

Tarehe 1 Januari 1990, televisheni ya ITV ilimrusha kwa mara ya kwanza yule mhusika wa Montreal, Mr. Bean, na mwaka huohuo kipindi kikashinda tuzo ya Waridi la Dhahabu huko Montreux. Sehemu zake ni 15 tu, lakini zimezunguka dunia nzima bila kutafsiriwa.

Katika mojawapo, Bean amenunua vitu vingi hadi ndani ya kigari chake, Mini ya kijani yenye boneti nyeusi, hamna pa kukaa. Basi anafunga kiti cha sofa juu ya paa, anakikalia kama mfalme, na kuendesha kwa kamba na fagio. Uso wake haucheki hata kidogo. Kwake hiyo ni kazi, na anaifanya kwa umakini wa mhandisi.

Mwaka 2001 hatari ilikuwa ya kweli. Akiwa likizo Kenya na familia yake, alipanda ndege ndogo kutoka Ukunda kwenda Nairobi, na rubani akazimia angani. Atkinson, ambaye hakuwahi kurusha ndege, alishika usukani hadi rubani alipozinduka na kutua salama Uwanja wa Wilson.

Miaka 11 baadaye, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, alikaa mbele ya kinanda kati ya wanamuziki wa London Symphony Orchestra. Kazi yake ilikuwa kubonyeza noti ileile, tena na tena, kwa kidole kimoja. Alichoka, akapenga kamasi, noti ikiendelea kulia. Uwanja mzima ulicheka, naye hakuwa ametamka neno.