Milia, si mistari
Dukani huambiwa, "Chukua hili zulia la mistari." Sikioni mwangu mistari ni ya daftari: huchorwa kwa rula juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Rangi zinazopishana katika kitu chenyewe ni milia. Umoja wake, mlia. Ndiyo maana tuna punda milia, bila hata "wa" katikati.

Tazama mkeka wa ukindu. Mshonaji huunganisha kili, zile pande ndefu nyembamba zilizosukwa: ukili mmoja wa zambarau, mwingine usiotiwa rangi, ukingo kwa ukingo. Mlia hapo haukupakwa. Ndio mkeka wenyewe. Nalipenda mno neno hili, sitaki tumwachie punda peke yake. Pazia, foronya, kitambaa cha kochi: mwambie fundi unataka cha milia.