Tofauti ya nguvu za injini za turbo kimasoko

Tofauti ya nguvu za injini za turbo kimasoko ni hali ya injini ya muundo mmoja kutoa nguvu tofauti kulingana na nchi ambako gari lilikusudiwa kuuzwa. Turbo huzungushwa na moshi wa eksozi na kushindilia hewa kwenye silinda. Hewa ikiwa moto sana, au petroli ikiwa ya okteni ndogo, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Kiwanda huzuia hilo kwa kupunguza shinikizo kupitia kompyuta ya injini. Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba ilitoa kilowati 221 Ulaya, lakini 206 Australia, kwa sababu ya joto. Japani kikwazo kilikuwa makubaliano ya watengenezaji, si sheria, ya kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280. Yalidumu hadi 2004, ingawa baadhi ya injini zilizidi kimyakimya.

Kisiwani Mombasa, magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Kilindini ni mitumba ya Japani. Masharti ya Kenya huangalia umri usiozidi miaka 8 na usukani wa kulia, wala hayagusi mpangilio wa turbo. Kwa mfano, Subaru Impreza WRX STI ya soko la Japani, ya lita 2.0, ilipangiwa petroli ya huko yenye okteni karibu 100. Ikitiwa petroli ya kawaida ya Kenya, ambayo okteni yake ni ndogo zaidi, kompyuta huchelewesha cheche, na nguvu zilizoandikwa kwenye hati hazifikiwi.