Dini Mpya, Mirathi ya Zamani



Wanafunzi huuliza: familia ikisilimu, je, mambo yote hubadilika siku hiyo hiyo? Tuwatazame Makhoja wa Gujarat, Kutch na Sindh. Kwa mapokeo yao, wazee wao walikuwa Wahindu wa tabaka la Lohana. Walisilimishwa na Pir Sadruddin, mlinganiaji wa Kiismailia aliyewafundisha kwa nyimbo za lugha zao, ziitwazo ginani.

Dini ilibadilika, lakini mirathi ikabaki ya mababu. Mwaka 1847, chini ya utawala wa Waingereza, mabinti wa Kikhoja walikwenda mahakamani Bombay kudai fungu lao kama lilivyo katika Qur'ani. Jaji Erskine Perry aliwakatalia. Alisema desturi ya Makhoja haimpi binti urithi huo, na desturi ndiyo ifuatwe.

Mwaka 1866 mahakama ya Bombay iliulizwa Makhoja ni watu wa madhehebu gani. Jaji Joseph Arnould aliamua kuwa asili yao ni Shia Ismailia, na Aga Khan wa kwanza ni Imamu wao. Waliokataa walijitenga, ndugu wa damu wakagawanyika. Hata hivyo, suala la mabinti halikuguswa.

Ni mwaka 1937 tu ndipo sheria ya India ilipoitanguliza Sharia mbele ya desturi katika mirathi ya Waislamu, isipokuwa mashamba.

Wazazi wenzangu, shahada hutamkwa mara moja. Haki ya binti yataka kufundishwa kila kizazi. Je, kwetu anaipata?

Wabillahi tawfiq.