Kabla ununue seva ya barua pepe, kumbuka 1988

Kuna msee ameniuliza anunue mashine gani ya kubeba barua pepe za biashara yake. Watu sita tu. Swali lake lilianzia kwa RAM. Mimi naanzia tarehe 2 Novemba 1988.

Siku hiyo Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell mwenye miaka 22 (rika langu, ila yeye chuo alikuwa hajaacha), aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mlango mmoja iliopitia ni Sendmail, kazi ya Eric Allman wa Berkeley, iliyobeba barua kwa mashine nyingi za Unix. Kulikuwa na sehemu ya majaribio iliyosahaulika wazi: unatuma barua, na mashine badala ya kumpelekea mtu, inatekeleza amri zilizo ndani. Wazia hiyo. Sendmail ilikuwa programu moja kubwa inayofanya kila kitu, mara nyingi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine.

Morris alipewa kifungo cha nje cha miaka 3. Baadaye akawa profesa MIT, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mwaka wa 1998, Wietse Venema akiwa IBM akatoa Postfix. Yeye aligawa kazi: kaprogramu kamoja kanapokea mlangoni, kengine kanapanga foleni, kengine kanapeleka. Ni kama duka ambalo anayepokea mzigo hana ufunguo wa pesa. Daniel Bernstein alikuwa amemtangulia na qmail, wazo likiwa hilo hilo. Mimi nachagua Postfix bila kufikiria mara mbili.

Mashine sasa. Laptopu kuukuu ya 4 GB inatosha watu sita. Pesa weka kwa diski. Tangu Jon Postel aandike kanuni za SMTP 1982, seva ikijibu 250 imebeba dhamana ya ile barua. Stima ikipotea kabla haijaandikwa kwa diski, aliyetuma hatajua, na wewe hutajua. Kwa hivyo diski mbili zinazonakiliana, na UPS.

Na usiiweke nyumbani, tafadhali. Laini nyingi za nyumbani hazikupi anwani yako mwenyewe ya IP, na wapokeaji hawaziamini. Mimi nilijaribu. Ankara yangu ya kwanza mteja aliikuta kwa spamu wiki tatu baadaye, kodi ikiwa ishanipita.