Kaunda suti

Mwanamume akipata kadi ya harusi ya jioni, hukimbilia kutafuta tai. Kwa joto la Dar es Salaam, lipo vazi la heshima linalofaa zaidi: kaunda suti. Jina limetokana na Kenneth Kaunda, rais wa Zambia tangu 1964 hadi 1991. Koti na suruali hushonwa kwa kitambaa kimoja. Koti lina mifuko ya nje, halichomekwi wala halihitaji tai. Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku suti hii katika Bunge la Kenya. Naona hakuitendea haki. Mpelekee fundi kitambaa cha kijivu au bluu iliyoiva, msisitizie mabega yakae sawasawa, kisha nenda nayo harusini bila wasiwasi.